Shaba inatoka kila siku, avenue zetu ziko bulongo: makuta (pesa) inapoteleaka wapi?

Mwana_Katuba
Yambo batu ba Lubumbashi na benye beko inje. Niko na swali, na ninaomba musinijibu tu "bakubwa ni bezi", ile tunaiyua tangu tuko mu tumbo ya mama. Kongo leo ni ya pili mu dunia kwa kutosha shaba, nyuma ya Chile tu. Ukisimama asubui pa barabara ya Kasumbalesa, makamio inapita mpaka unachoka kuhesabu. Ile makamio inalipa peaji, kampuni zinalipa redevansi (malipo juu ya madini yenye zinatosha) na takse, na siye benye tumotoka tudogo tunalipa vinyeti. Alafu mu Desemba mvua inanyesha usiku moja tu, asubui mwana wa masomo anavua viatu anabeba ku mukono juu avenue imekuwa mutoni. Sasa ile makuta inapotelea pa nafasi gani? Kinshasa? Ku jimbo? Ku meri? Ku mwenye kukamata kontra? Mwenye anayua njia yake aielezee pole pole, bila matusi.

Shofere_Kasumba
Kaka unauliza kama mutu mwenye hatokaka Katuba. Makuta inabakiaka pa bariere. Toka Lubumbashi mpaka ku mupaka ni kilometa 90 na kitu, lakini kuko bariere ya leta (serikali) yenye inatoa risiti, na kuko bariere ya kamba. Pa kamba unakuta rulaji (polisi ya barabara), unakuta ba komini, ba mazingira, mwenye amevaa jile na mwenye hana hata jile, na wote neno ni moja: "Shefu, achia batoto mayi." Ukimulomba risiti anaanza kuzunguka motoka, na atapata tu kitu, kama si taa ni triangle, kama si triangle ni ekstenteri imepita tarehe. Unalipa unaenda. Ile makuta haifike Kinshasa wala ku meri, inaingia mu mufuko pale pale. Jumlisha na makamio yako yote ya asubui.

Mwalimu_Ruashi
@Shofere_Kasumba ni kweli, lakini hayo ni makombo. Mwenye uzi anauliza makuta ya shaba yenyewe. Ngoja nieleze sheria inasema nini maana wengi wetu tunapiga kelele bila kusoma.

Kode ya madini ya 2018: shaba inalipiwa redevansi ya 3,5%, kobalti 10% kwa sababu iliwekwa kwenye madini ya stratejiki. Ile redevansi inagawanywa hivi: Kinshasa 50%, jimbo 25%, ETD 15%, na 10% inaingia FOMIN, mufuko wa vizazi vijavyo. ETD ni muji, komini, sekta au sheferi yenye mugodi iko ndani yake. Kwa hiyo shaba ya dola 100 ikiuzwa, redevansi ni dola 3,50: Kinshasa inachukua 1,75, jimbo senti 87 na nusu, ETD senti 52 na nusu, vizazi vijavyo senti 35. Utasema ni kidogo, sasa piga mara matani yenye inatoka kwa mwaka uone.

Na musikilize hapa vizuri: fungu la jimbo na la ETD, kampuni inalipa moja kwa moja kwenye konti zao. Halipitie Kinshasa. Kwa hiyo mukubwa wa hapa akikuambia "Kinshasa haijatuma", muulize anazungumuzia makuta gani.

Mwana_Katuba
Aksanti mwalimu, hapa naanza kuona. Donki komini ya Katuba iko inakamata yake ya zile senti 52?

Mwalimu_Ruashi
Hapana. Katuba haina mugodi. Zile 15% zinabakia kule mugodi iko. Ninyi munangojea ya jimbo na ya bajeti ya kawaida.

Kijana_wa_Kenya
😂😂 kumbe siye tunapata vumbi ya makamio tu, bure kabisa, bila takse. (Kenya yangu ni komini jamani, musianze kuniuliza habari ya Nairobi.)

Mikanda_Mingi
Mwalimu amesema vizuri lakini ameacha kipande kikubwa. Kuko katiba ya 2006, article 175: 40% ya mapato ya taifa inapashwa kubakia ku jimbo kwenye chanzo, jimbo inakata fungu yake mbele makuta haijapanda ndege. Katika kazi inafanyika kinyume. Toa ile redevansi ya mwalimu, ingine yote inaenda Kinshasa kwanza, kisha Kinshasa inarudisha kiasi inataka, saa inataka, ile njo batu wanaitaka retrosesyo. Gavana yeyote, wa jimbo lolote, ukimuuliza barabara anakujibu retrosesyo haijafika. Ukiuliza Kinshasa wanasema tulituma. Mutu wa Katuba atapata wapi karatasi ya kuona nani anadanganya? Mi naona pale njo tundu yenyewe. Si lazima mutu aibe hata franka moja, inatosha makuta ichelewe miezi, mwenye kontra akimbie, mvua ifike.

Enjenyeri_Mabwe
Ninyi wote munazungumuza makuta. Mukipewa hata ile 40% yote kesho, barabara itakufa tu, na mutarudia hapa kulia tena. Niko mu hii kazi. Gudroni (lami) inauwawa na bintu bibili: mayi na uzito.

Mayi kwanza. Mvua yetu inaanza Oktoba ao Novemba mpaka Aprili, na inaanguka kwa nguvu. Kama kanivo (mufereji wa mayi) imezibana, mayi inalala pembeni, inaingia chini ya gudroni, udongo wa chini unakuwa laini, juu inapasuka. Wanakuja wanaweka gudroni mupya juu ya udongo ule ule uliooza. Mwaka ujao shimo iko pale pale, hata haijahama.

Uzito ya pili. Ekseli ukiiongeza mara mbili, haribifu haiongezeke mara mbili, inafika karibu mara 16. Si mimi nasema, ni majaribio ya barabara yenye Wamarekani walifanya mwisho wa miaka ya 1950, dunia yote inatumia ile hesabu mpaka leo. Kamio moja yenye imepakia kupita kipimo inaharibu barabara kuliko maelfu ya tumotoka tudogo. Sasa @Shofere_Kasumba, tuambie ukifika pa baskule, kwenye wanapima uzito ya makamio, inakuwaka namna gani 😏

Shofere_Kasumba
Nilijua mutanifikia. Enjenyeri, shofere hachaguake uzito! Bosi anapakia, mi napewa fungulo na karatasi. Pa baskule karatasi inasema kitu, gurudumu inasema kingine, na mwenye kusoma baskule iko na watoto nyumbani. Nikikataa kuendesha kuko vijana kumi pa geti wanangojea nafasi yangu. Usinibebeshe barabara ya taifa mu mugongo.

Enjenyeri_Mabwe
Sikubebeshe. Nasema tu baskule ya matabishi (rushwa) inakula barabara kuliko mwizi wa bajeti, na hakuna mutu ataenda mu tribinali juu yake.

Mama_Vitambaa
Bonjour ku wote. Miye si wa kusoma makode, niko nauza vitambaa. Ngoja niwaambie yetu. Ku avenue kulikuwa nafasi moja ya kuvukia mayi, ilikuwa inakatika kila mvua, mpaka siku moja motoka ya maiti ilikwama na familia wakatelemuka na jeneza wakalibeba ku mabega mu matope, na manguo meusi yao. Pale tukasema basi. Kila parseli ilitoa chake, tukanunua buse (bomba kubwa ya kupitisha mayi chini ya njia) na simenti na mabwe, vijana wakachimba bure, siye bamama tukapika bukari. Siku ya kwanza tu ya kuchimba, mbele ya saa sita, wakafika batu babili ba komini moja, sitaiitaka jina. "Muko na otorizasio ya kuharibu njia ya leta?" Njia ya leta!! Siku ya jeneza leta alikuwa wapi? Tukabishana, wakasema watafunga kazi, mwisho tukawapatia kitu. Risiti hakuna, munajua wenyewe.

Buse iko mpaka leo, inafanya kazi. Lakini majirani wa chini wanatupa masashe na mapampasi ndani, na hao pia ningewapeleka mu tribinali.

Kijana_wa_Kenya
Mama hapo kwa majirani tuachane kidogo. Hiyo pampasi watupe wapi? Umeshaonaka motoka ya kukusanya takataka ikiingia ku avenue za ndani? Tunalipa takse ya usafi alafu tunaambiwa raia ni muchafu. Ile njo mapenzi ya bakubwa, raia na raia wavutane mashati, wenyewe wanatuangalia toka pa kioo ya jip.

Mama_Vitambaa
Kijana, tupa nyumbani kwako, choma, chimba shimo. Buse nilitoa makuta ya watoto. Usinifundishe.

Fundi_Kofraji
Nimesoma wote, hakuna mwenye ametaja operasio returu. Mi niko fundi, nilifanyaka na kampuni moja ya ujenzi, jina naacha. Kontra inatiwa sinyatire ya, tuseme, kilometa tano. Avansi ikitoka, sehemu inarudi kwa ule mwenye alisukuma dosie, ile njo returu. Bosi anabakia na makuta pungufu, kazi ni ile ile. Atafanya nini? Anapunguza mabwe ya chini, anapunguza simenti mu kanivo, gudroni inakuwa nyembamba unaikunja na kidole. Siku ya inogurasio unaona nyeusi inangaa, tepe inakatwa, televizio iko. Enjenyeri anasema mayi na uzito, sawa, lakini mayi inaingia mbio juu kanivo ilijengwa na muchanga. Sheria ya kontra ya leta iko tangu 2010, inasema lazima mashindano, gré à gré (kupatia mutu kontra bila mashindano) ni kwa ajabu tu. Lakini kwetu ajabu iko kila siku.

Lupopo_Damu
Na Wachina je? Wachina walikula shaba yetu, walisema wataleta barabara ya miliardi 9. Iko wapi?? Mukiacha ile munazungumuza senti 52 sijui nini, munachekesha.

Mikanda_Mingi
@Lupopo_Damu taratibu. Miliardi 9 ni ya 2008, kontra ya Sicomines, kampuni ya Kongo na Wachina, vile ilitiwaka sinyatire mwanzo. FMI (mufuko wa feza wa dunia) ikapiga kelele juu ya deni, ikashuka mpaka 6, na mu zile 6 nusu tu, miliardi 3, njo ilikuwa ya barabara, lopitali na bintu bingine. Ingine 3 ni ya mugodi. Februari 2023 IGF (wakaguzi wa makuta ya leta) ikatoa ripoti: mu ile 3 ya ujenzi ilikuwa imetoka milioni 822 tu. Ubalozi wa China ukakataa ile ripoti, na hiyo pia isemwe. Machi 2024 wakaandika upya: milioni 324 kila mwaka kwa ujenzi, mpaka 2040, kwa sharti bei ya shaba isiteremuke chini ya dola 8.000 kwa tani. Donki hakuna mutu alikula 9, juu 9 haijawahi kuwa mezani ya barabara.

Lupopo_Damu
9, 6, 3, 822, unateremuka tu kama saa ya bombi 😂 Mwisho ku Katuba inafika ngapi? Sufuri. Hesabu yangu na yako jibu ni moja.

Badiangwena_2010
Watu wa Lupopo na hesabu... muanze kwanza kuhesabu makombe yenu 😂😂
Bon, kwa ukweli. Wakati ya Katumbi, 2007 mpaka 2015, barabara zilitengenezwa, kila mutu aliona na macho. Katiba ilikuwa ile ile, retrosesyo ile ile, mvua ile ile. Kwa nini ye aliweza? Donki ni mutu, si sheria.

Lupopo_Damu
Prezida wako wa timu ya Mazembe lazima umusifu 🙄 Na ile 2010 mulienda Abu Dhabi kukula tatu za Inter.

Badiangwena_2010
Tulifika finali ya dunia ya makilabu. Weye ulifika wapi? Ku stade yenu ya Kibasa Maliba 😂

Mwalimu_Ruashi
Acheni timu. Badiangwena, ulichosema kina upande wa pili. Miaka ile Katanga ilikuwa moja, mapato ya Kolwezi na ya Lubumbashi yalikuwa kwenye mufuko moja wa jimbo. 2015 likakuja dekupaji, tukakuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Sehemu kubwa ya migodi ikaenda na Lualaba. Mutu anaweza kuwa muzuri, lakini alikuwa na sahani ingine mezani.

Badiangwena_2010
Na leo Haut-Katanga iko maskini? Mwalimu usinichekeshe.

Muhumba_BKV
Salamu toka Bukavu, mukae muzuri. Minawasoma minacheka juu ni ile ile ya huku, tofauti ninyi muko na shaba, siye tuko na milima yenye inatelemuka na manyumba yake. Nina neno moja. Ninyi munatafuta makuta, mi naona kitu kilipotea mbele ya makuta ni kuamini.

Muone mwana wa kwetu, Kamerhe, mwenye alikuwa direktere wa kabine ya prezida Tshisekedi. Programu ya siku 100, Juni 2020 tribinali ikamupa miaka 20 ya kazi ngumu juu ya karibu milioni 50 za dola, mbele ya televizio, na jaji Yanyi alikufa katikati ya kesi. 2021 ku appeli ikashuka 13. 2022 akaachiliwa, hana kosa. 2023 waziri, 2024 prezida wa bunge. Sisemi aliiba, tribinali ilisema hapana. Sisemi hakuiba, tribinali ilisema ndiyo. Sasa raia aamini hukumu gani? Huku kuko wenye walilia siku ya kufungwa na wakacheza siku ya kutoka, na kuko wenye walifanya kinyume, na wote wawili leo hawaendeke tena kusikiliza kesi yoyote. Siku moja watakamata mwizi wa kweli, batu watasema ni politike.

Mikanda_Mingi
Na ilishafika hapo. Matata Ponyo, waziri wa kwanza wa zamani, alipewa miaka 10 mu Mei 2025 juu ya makuta ya Bukanga-Lonzo, ile parke ya bulimi, nusu ya inchi ilisema haki, nusu ilisema politike. Dosie yenyewe nani aliisoma?

Kijana_wa_Kenya
Na weye uliisoma?

Mikanda_Mingi
Jina yangu ni Mikanda Mingi bure?

Musimamizi
Nimefuta posti mbili. Mutu mumoja alitaja jina ya mufanyakazi wa komini na numero yake ya simu. Zungumuzeni kazi, musilete numero ya mutu hapa. Endeleeni.

Mzee_Kamalondo
Batoto, munisikilize na miye, nimezeeka mu hii muji. Munauliza kwa nini leta hajui kutengeneza barabara. Hakufundishwaka. Hapa kwetu Katanga mwenye alikuwa anafanya ni kampuni. Union Minière mpaka 1967, kisha Gécamines. Nyumba ni kampuni, lopitali ni kampuni, masomo ni kampuni, posho ya unga na samaki ni kampuni, hata mti wa maembe ku kambi walipanda wao. Leta alikuwa anakuja kukamata yake na kuenda. Wakati ya Mobutu tulikuwa na Salongo, unafagia, unachimba kanivo, lakini kichwa ya kazi ilikuwa kampuni. 1990 mugodi ya Kamoto ikaanguka, kisha ile miaka mibaya yote, 2003 wakatosha wafanyakazi zaidi ya elfu kumi kwa mara moja, wanaiita "départ volontaire" (kuacha kazi kwa kupenda), volontaire ya nani sijui. Kampuni mupya zenye zilikuja nyuma haziko baba wa mutu. Zinalipa redevansi na kufunga geti. Na leta akabakia na kazi yenye hajawahi kufanya. Wizi uko, sikatai. Lakini hata asiyeiba hajui aanzie wapi.

Enjenyeri_Mabwe
Mzee hapo sikubali. Kuko Office des Routes, kuko OVD ya barabara za muji, kuko enjenyeri wengi wenye masomo, wengine niliketi nao mu odituare moja. Kazi wanaiyua. Wanakosa mazutu ya mashini.

Mzee_Kamalondo
Na mazutu anaikula nani?

Enjenyeri_Mabwe
😅

Fundi_Kofraji
Mazutu inauzwa mu bidon nyuma ya ukuta. Nilinunuaka.

Chukudu_Goma
Goma hapa. Siye gudroni yetu ni lava, bei bure, Nyiragongo inaleta mwenyewe, 2002 na 2021 😄 2002 baada ya lava batu walitandaza njia juu ya mabwe na mikono kabla wakubwa wawaze kuitisha reunyo. Chukudu (baiskeli za mbao za kubeba mizigo) zilikuwa zinapita. Tangu Januari 2025, vile M23 ilikamata muji, swali yetu ni ingine kabisa. Ninyi munauliza makuta inaenda wapi, bado muko na mutu wa kuuliza. Mutumie.

Mwana_Katuba
Pole sana ndugu wa Goma.
Sasa kwa yenye nimeskia: shofere anasema bariere, Mikanda anasema retrosesyo, enjenyeri anasema mayi, fundi anasema returu, mzee anasema hatukufundishwa. Kila moja inaniingia mpaka naanza kuamini wote. Lakini tutamutumia namna gani uyo mutu wa kuuliza? Conseillers wa komini tuliwachagua 2023, wa kwangu sijamuona tangu ile tisherti.

Mwalimu_Ruashi
Komini inapashwa kuwa na bajeti kila mwaka, na konseye ndiyo inaipigia kura. Enda kwa katibu wa komini uombe kuiona. Wakikataa, omba wakatae kwa maandishi.

Shofere_Kasumba
"Wakatae kwa maandishi" 😂😂😂 mwalimu hata karatasi ya kukataa utainunua.

Mama_Vitambaa
Miye niko tayari kuenda. Tuende bamama kumi na tano na biteng'e ya namna moja, waone. Mwana_Katuba, nitumie mesaji ya ndani.

Kijana_wa_Kenya
Mbele muende, mwalimu anijibu: ile 10% ya FOMIN, ya vizazi vijavyo, ni kizazi gani sasa? Baba yangu walimuambia ye njo wakati ujao wa inchi, na miye waliniambia vile vile.

Mwalimu_Ruashi
Sheria haikutaja mwaka wa kuzaliwa.

Lupopo_Damu
Ngojea zamu yako, na usizae mbele 😂

Enjenyeri_Mabwe
Mama Vitambaa, ukienda ku komini waulize pia kama wako na plani ya kanivo za avenue zenu, ile ya zamani, ya kuchorwa ku mukono. Iko inaonesha mayi ilipashwa kutokea wapi. Kama iko nitakuja kuisoma bure.

Mama_Vitambaa
Kuja na buti.